JICHO LINALOJIFUNZA, NA UMEME WA KICHWANI

Makala haya ni adhabu. Wengine huandika katika gazeti letu kwa kuwa wamepata tuzo au wamesafiri mbali. Mimi naandika kwa sababu Mwalimu wetu wa fizikia alinipa nichague moja kati ya mambo mawili: kufyeka nyasi za nyuma ya bwalo kwa wiki mbili, au kusoma habari za umeme na ubongo mpaka nizielewe, kisha niwaeleze wenzangu kwa Kiswahili chepesi bila ya kujificha nyuma ya maneno makubwa. Nilidhani kuandika ni kazi nyepesi kuliko kufyeka. Sasa najua sivyo.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwenzangu mmoja wa bweni letu alisoma wakati wa likizo, katika simu ya kaka yake, kwamba watu wa ng'ambo hujitia umeme kichwani wakapata kujifunza upesi kuliko kawaida. Mtihani wa majaribio ulikuwa karibu, nasi hesabu zilikuwa zimetushinda. Tulipata betri ya mraba ya volti 9 kutoka katika kipimaumeme kilichokufa, nyaya za redio mbovu, na sponji mbili tulizoziomba jikoni. Tukazilowesha katika maji ya chumvi, tukazifunga kwa kitambaa, moja juu ya paji la uso wangu, na ya pili kisogoni, chini kidogo ya pale fuvu linapotokeza. Kabla ya kuunga waya nilipewa hesabu 20 za kuzidisha za kichwani, nikapata 14. Waya ulipogusa betri niliona mmweko mweupe pembeni mwa macho, kama radi ya mbali, na ngozi ikaanza kuniwasha. Tulivumilia dakika kumi. Nikapewa hesabu nyingine 20, nikapata 17. Mwenzangu akaruka kwa furaha. Lakini tulipofungua kitambaa tukakuta kwamba ncha ya waya ilikuwa imetoboa sponji ya mbele na kugusa ngozi, na pale palikuwa na jeraha la kuungua, dogo kama punje ya mahindi. Alama yake ipo mpaka leo, na kila aniulizaye namwambia ni chunusi.

Mwalimu hakutugombeza. Alichukua chaki. Tuseme ukinzani wa kichwa chenye sponji zilizolowa ni omu 5,000. Gawanya volti 9 kwa 5,000, unapata miliampia 1.8. Mwenzangu alitabasamu, maana alikuwa amesoma kwamba wataalamu hutumia miliampia 1 au 2. Ndipo Mwalimu akamwuliza ni nani aliyempa hizo omu 5,000. Ngozi kavu ina ukinzani mkubwa, iliyolowa ina mdogo, iliyochubuka mdogo zaidi, na sponji hukauka kadiri dakika zinavyopita. Chombo cha wataalamu huupima mkondo kila wakati na kuushikilia pale pale. Betri yetu haikuwa na habari. Tena, mkondo uliotakiwa kuenea katika sponji nzima ulipata njia ya mkato kwenye ncha ya waya, ukapita wote katika tundu moja. Kisha akauliza swali ambalo sisi hatukuwa tumeulizana: je, katika ukoo wa huyu aliyefungwa sponji yuko mwenye kifafa? Tukanyamaza.

Sasa nije kwenye elimu niliyotumwa kuitafuta. Mwalimu alinionya kwamba nikisema "ubongo hujifunza" nitakuwa sijasema kitu. Akanitaka nishike jambo moja dogo ambalo ubongo hujifunza na ambalo wataalamu wanaweza kulipima sawasawa, nililoliona ni miendo ya macho.

Anza na kioo. Simama karibu nacho, tazama jicho lako la kushoto, kisha tazama la kulia, urudie mara kadha wa kadha. Macho yako yamehama, lakini wewe hukuyaona yakihama hata mara moja! Mwenzako aliyesimama kando ameyaona vizuri. Sababu ni kwamba tunapoangalia huku na huku jicho halitelezi bali huruka, na wakati wa mruko ubongo hupunguza sana habari za kuona, ili dunia isionekane kama picha iliyotikiswa. Ukitaka jaribio la pili, toboa tundu dogo katikati ya ukurasa wa gazeti, mpe rafiki asome upande wa pili, nawe uchungulie. Utaona macho yake yakienda katika mstari kama kuku anavyodonoa punje: hutua, huruka, hutua. Katika miaka ya 1870, huko Paris, jambo hili lilichunguzwa katika maabara ya daktari wa macho Émile Javal. Mpaka wakati huo watu wengi walidhani jicho husoma kwa kupita juu ya mstari polepole kama kidole.

Jicho huruka kwa sababu mahali linapoona kwa ukali ni padogo mno. Nyosha mkono wako mbele, utazame ukucha wa kidole gumba: ukubwa huo, digrii 1 au 2 hivi, ndio sehemu ya dunia unayoiona barabara. Mengine yote ni ukungu ambao ubongo unakuhakikishia kwamba unaujua. Basi mara tatu hivi kwa kila sekunde, mchana kutwa, macho hurusha hicho kitone chenye ukali kutoka hapa kwenda pale. Mruko mkubwa unaweza kupita mwendo wa digrii 500 kwa sekunde, na mruko mdogo wa kusomea huisha katika sehemu 30 hivi za elfu za sekunde.

Hapa ndipo ugumu ulipo. Ukimfuata kuku mbio unaweza kugeuza njia naye akigeuka. Lakini ukitupa jiwe kuangusha embe, jiwe likishatoka mkononi huwezi kulirekebisha hewani. Mruko wa jicho ni jiwe. Habari zitokazo jichoni huchelewa njiani, na mpaka ubongo upate kujua kwamba mruko unakosea, mruko umekwisha. Kwa hiyo nguvu yote sharti ipimwe kabla. Kila jicho lina misuli sita. Misuli hiyo huchoka, hukua pamoja na mwenyewe, na huzeeka. Mtu asiyeona mbali akivaa miwani, vitu huonekana vidogo kidogo kuliko vilivyokuwa, na mruko uliofaa jana leo unapita alama. Hata hivyo wenye miwani hatuwaoni wakikosa maneno kitabuni mwaka mzima. Yuko fundi ndani anayerekebisha vipimo bila ya kumwarifu mwenye macho.

Fundi huyo alinaswa kwa hila nzuri sana mwaka 1967 na mtaalamu wa Marekani aitwaye McLaughlin. Jaribio lake nimelipenda kuliko mengine yote niliyoyasoma, nanyi mtaniwia radhi nikilieleza taratibu. Mtu huketi kichwa kikiwa kimeshikwa kisitikisike, akatazama kitone cha mwanga. Ghafla kitone kinahamia kando, tuseme digrii 10, ambazo ni kama upana wa ngumi yako mkono ukiwa umenyooshwa. Jicho linaruka kukifuata. Lakini jicho likiwa bado hewani, yaani wakati ule ule ambapo uoni umefifizwa, kitone kinarudishwa nyuma kidogo. Jicho linatua na kukuta kitone hakipo lilipokitarajia. Linafanya mruko mwingine mdogo wa kurudi, na mwenyewe hana habari kwamba alidanganywa. Mchezo unarudiwa tena na tena. Baada ya mara kadha wa kadha, mruko wa kwanza wenyewe umeanza kufupika. Sasa acha udanganyifu, kihamishe kitone digrii 10 za kweli: jicho linatua njiani, halifiki! Limejifunza.

Angalia uzuri wa jambo hili. Mwenye jicho hakuombwa kujifunza, hakujua kwamba anafundishwa, wala hawezi kujifanya amejifunza ili kumfurahisha mpimaji. Ndiyo sababu wataalamu wanaotaka kujua jinsi ubongo unavyojifunza miendo wanaupenda mruko wa jicho. Kinyume chake pia huwezekana: kitone kikisogezwa mbele badala ya nyuma, mruko hurefuka, ila kurefuka huchukua muda mrefu zaidi na aghalabu hakukamiliki. Kwa nini kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza, bado wanabishana.

Wagonjwa nao walitoa ushahidi. Mwaka 1976 Kommerell na wenzake wa Ujerumani waliwachunguza watu ambao msuli unaovuta jicho kwa nje ulikuwa umedhoofika katika jicho moja. Mtu aliyezoea kutazama kwa jicho hilo bovu, ubongo wake ulikuwa umeongeza nguvu ya amri mpaka jicho bovu likatua sawasawa. Lakini kwa kuwa amri ni moja kwa macho yote mawili, jicho zima lilipita alama. Jicho bovu lilipofunikwa, baada ya siku chache mambo yakageuka. Kwangu mimi huu ni ushahidi mkubwa kuliko wa kitone, maana hapa hapakuwa na hila yoyote.

Sasa fundi huyo anakaa wapi? Kisogoni, chini ya ubongo mkubwa, umo ubongo mdogo uitwao serebela, wenye mikunjo myembamba kama kurasa za kitabu. Uzito wake ni kama sehemu ya kumi ya ubongo wote, lakini hesabu iliyotolewa na wataalamu wa Brazili mwaka 2009 ilionyesha kwamba katika seli za fahamu bilioni 86 za binadamu, bilioni 69 zimo humo. Katika Vita Kuu ya Kwanza daktari Gordon Holmes aliwatibu huko Ufaransa askari wa Kiingereza waliopigwa risasi kisogoni, maana kofia zao za chuma hazikufunika vizuri sehemu ya chini ya kichwa. Katika maandiko yake ya mwaka 1917 alieleza jinsi serebela ikiumia mtu hapoozi, bali vipimo vyake huharibika: mkono hupita kikombe au haukifikii. Na mwaka 1980 Optican na Robinson, wa Baltimore huko Marekani, walidhoofisha misuli ya macho ya nyani, wakaona kwamba nyani mzima hurekebisha miruko yake, lakini aliyeondolewa serebela hawezi tena kuirekebisha.

Nyani na majeruhi walikuwa wamesema yao. Lakini nani angekubali kufunguliwa fuvu akiwa mzima, ili wataalamu wapate kumjua fundi wake? Ilitakiwa njia ya kuugusa ubongo kutoka nje.

Njia ya kwanza ni sumaku. Msomaji wa kidato cha tatu na kuendelea anajua kanuni ya Faraday ya mwaka 1831: uga wa sumaku ukibadilika karibu na kipitisha umeme, mkondo huzaliwa ndani yake. Ubongo una maji ya chumvi, kwa hiyo nao ni kipitisha umeme. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, waliweka koili ya waya juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha ndani yake mkondo mkubwa sana kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Uga wa sumaku ulipita katika ngozi na mfupa kana kwamba havipo, ukazaa mkondo katika ubongo, na mkono wa mtu ukashtuka wenyewe. Hapana kisu, hapana maumivu makubwa, ila mlio wa "tak!" na ngozi kufinywa kidogo. Nguvu yake hufika kina cha sentimita 2 au 3 tu hivi, lakini serebela haiko mbali na ngozi ya kisogo.

Mwaka 2010 Jenkinson na Miall, wa Uingereza, waliipiga sehemu ya nyuma ya serebela kwa mapigo mengi ya sumaku, kisha wakawapa watu mchezo wa kitone. Kujirekebisha kwa miruko yao kulivurugika. Yale waliyoyasema nyani wa Baltimore yakasemwa sasa na watu wazima, waliorudi nyumbani jioni ile ile.

Njia ya pili ndiyo tuliyoiiga sisi kwa ujinga: mkondo mdogo wa moja kwa moja kupitia sponji. Nitsche na Paulus, huko Göttingen, Ujerumani, walionyesha mwaka 2000 kwamba miliampia 1 tu juu ya sehemu ya ubongo inayoamuru mkono inaweza kuifanya iwe nyepesi au nzito kuamka, kwa kutegemea ncha ipi ya umeme iko juu yake, na hali hiyo hubaki dakika kadhaa baada ya mkondo kukatwa. Mkondo huo haupigi seli zikafanya kazi; huzisogeza tu karibu na kufanya kazi au mbali nako. Mwaka 2011 Galea na wenzake walitangaza kwamba ncha chanya juu ya serebela iliwafanya watu wajifunze upesi kurekebisha miendo ya mkono. Nadhani habari kama hiyo, ikiisha kupita midomo mingi, ndiyo iliyofika kwenye simu ya kaka yake mwenzangu.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Mwaka 2015 Panouillères, pamoja na Miall na Jenkinson wale wale, walijaribu mkondo huo kwa miruko ya macho. Kwa matokeo ya 2011 mtu angetazamia ncha chanya isaidie. Badala yake ncha chanya ilizuia kujifunza, hasa kule kwa kurefusha mruko, na ncha hasi ndiyo iliyoelekea kusaidia. Na mwaka 2017 Galea mwenyewe, pamoja na Jalali na Miall, alilirudia jaribio la mkono mara nyingi kwa namna mbalimbali, wakaandika wazi kwamba hawakuona matokeo ya kutegemewa. Nilipolisoma hilo nilishangaa: mtu kutangaza mbele ya ulimwengu kwamba jambo lililompa sifa huenda halisimami! Mwalimu alisema hiyo ndiyo kazi yenyewe, akaendelea kusahihisha madaftari.

Mwaka uliofuata, 2018, wataalamu wengine walipima katika vichwa vya maiti ni kiasi gani cha umeme wa sponji hufika ndani. Karibu robo tatu ya mkondo ilipotea katika ngozi na fuvu. Tena, ule mmweko mweupe niliouona, ambao mwenzangu aliuita "akili kufunguka", hutoka jichoni, maana utando wa nyuma ya jicho huamshwa na umeme upesi sana, hasa sponji ikiwa juu ya paji la uso.

Zimebaki zile hesabu zangu, 14 na 17. Wataalamu wana desturi ya kutia umeme wa uwongo: chombo huwashwa sekunde chache mpaka ngozi iwashe, kisha hupunguzwa mpaka sifuri bila ya mtu kujua. Wanaopata umeme wa kweli hulinganishwa na hao. Sisi hatukuwa na umeme wa uwongo. Kwa hiyo, kwa ruhusa ya Mwalimu, tuliwapa wenzetu 12 wa darasani hesabu 20, tukawaacha wapumzike dakika kumi, tukawapa nyingine 20. Hapakuwa na betri, wala sponji, wala chumvi. Wote isipokuwa wawili walipanda mara ya pili, na mmoja alipanda kwa hesabu tano. Mwenzangu aliitazama karatasi ile muda mrefu.

Kulikuwa na jambo jingine lililonikosesha usingizi. Sponji yetu ya pili, kama mnavyokumbuka, ilifungwa kisogoni, chini ya pale fuvu linapotokeza. Hapo ndipo penye serebela. Hatukulichagua hilo, kitambaa ndicho kilichofika pale. Ikiwa umeme wetu ulifika ndani, basi uliingia katika nyumba ya fundi wa macho na mikono yangu, nami nilikuwa nikizidisha 7 kwa 16. Na kama ulimsaidia au ulimzuia, huenda ingetegemea ncha iliyokuwa nyuma. Nimemwuliza mwenzangu mara tatu waya upi ulikuwa chanya. Hakumbuki.

Nisije nikaeleweka kwamba mambo haya yote ni bure. Mapigo ya sumaku yamekubaliwa nchini Marekani tangu mwaka 2008 kuwa dawa ya huzuni kubwa isiyosikia vidonge, na madaktari wanaendelea kutafuta kama umeme huu utaweza kuwasaidia watu waliopatwa na kiharusi kujifunza upya kutumia viungo vyao. Lakini huko mtu huulizwa kwanza kama ana chuma kichwani, au chombo cha moyo, au kifafa, maana mapigo ya sumaku yanaweza, ingawa ni nadra sana, kuamsha kifafa. Huulizwa kabla ya kuguswa.

Sponji mbili tulizirudisha jikoni. Mzee mpishi alizitazama, akauliza zilikuwa wapi, akaambiwa. Akatuambia tubaki nazo.